Korongoni, Mwanga na Maji Hutoka Usikokuona

Makomredi wengi wanaopenda picha wakienda Hell's Gate, Naivasha, huamka alfajiri kuwahi mwanga laini. Kwa tambarare na Fischer's Tower wako sawa kabisa. Kwa korongo la Ol Njorowa, mimi huwaambia wasubiri.

Korongo jembamba halipati mwanga kama uwanja wa mpira. Asubuhi na jioni kuta huzuia jua, chini kunabaki kiza. Jua likipanda, hupiga ukuta mmoja, ukuta huo huurudisha mwanga kwa wa pili, na kila unapogonga mwamba huchukua rangi yake. Ndiyo maana Antelope Canyon, korongo la jangwani kule Arizona, Marekani, huonekana kama kaa la moto, ilhali ni mawe ya mchanga tu. Kwa hivyo usipige ukuta unaochomwa na jua. Piga ule unaoelekeana nao, ulio kivulini.

Sasa vitendo. Toa anga kwenye fremu, maana inang'aa kupita kiasi na itaharibu kila kitu. Ukiwa na kamera, weka ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, na uisimamishe kwenye stendi kwani picha inaweza kuchukua sekunde nzima. Mizani ya rangi usiiachie kamera ijipangie, itafuta ule wekundu. Chagua alama ya jua. Una simu tu? Gusa sehemu yenye mwanga zaidi kwenye skrini, kisha ushushe mwangaza kidogo.

Maji nayo hutoka mbali vilevile. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka hapo. Ardhi ngumu ya jangwa haikuyanywa maji, yakateremka yote kwa njia moja. Hapa kwetu, mafuriko ya ghafla Ol Njorowa yaliua watu 7 Aprili 2012, na wengine 7 Septemba 2019.

Basi kabla ya kushuka, waulize askari wa mbuga kama korongo liko wazi na kama kunanyesha upande wa juu. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama nauli mshalipa. Mkiwa ndani, kila mnaposimama kupiga picha, tajeni kwanza mahali pa kupandia. Maji yakibadilika rangi au yakianza kuleta vijiti, acha stendi, panda juu. Usikimbie kufuata mkondo, utakushinda mbio.

Zoezi la wiki hii halihitaji nauli. Saa sita mchana, tafuta ujia mwembamba kati ya hosteli mbili, upige ukuta wa jua, halafu ule wa kivuli. Linganisha rangi. Tutaziangalia pamoja kabla ya safari.