Kufundisha Somo la Mbu wa Mchana

Mwalimu mwanachuo akipewa mada ya mbu wakati wa mazoezi ya kufundisha, aghalabu huchora dimbwi na chandarua, kisha huandika ubaoni neno malaria. Somo hilo si baya, lakini kwa shule za Dar es Salaam lina upungufu mkubwa. Mwaka 2014 jiji lilipatwa na mlipuko wa homa ya dengue, na Kinondoni iliathirika zaidi. Mwaka 2019 ugonjwa ukarudi. Huenezwa na mbu aitwaye Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Chandarua cha usiku hakimzuii, na saa zake ni zile ambazo mtoto yuko darasani au njiani.

Mbu huyu si mgeni pwani. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliandika habari za maradhi yaliyoenea huko mwaka 1870, ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo. Wataalamu wa baadaye wamefikiri kuwa huenda yalikuwa chikungunya, ambayo nayo huenezwa na mbu huyuhuyo. Neno kidingapopo limo hata leo katika kamusi, na yafaa wanafunzi wawaulize bibi zao kama wanalijua.

Wakati wa mlipuko wa 2014 watafiti walikagua nyumba za Kinondoni, Ilala na Temeke. Viluwiluwi vya Aedes walivikuta katika matairi makuukuu na vyombo vya plastiki vilivyotupwa. Basi zana za somo zimo uani mwa shule! Wagawe wanafunzi katika vikundi, kila kimoja kikague sehemu yake na kuandika chombo kilichoonekana, kama kina maji, na kama kina viluwiluwi. Darasani wachore jedwali, kisha uwaulize: kwa nini tukague kila wiki? Usiwape jibu. Waambie tu kwamba yai huchukua siku 7 hadi 10 hivi kuwa mbu, nao watakokotoa wenyewe.

Hapa ndipo penye ugumu. Mwalimu huzoea kuamuru, "Mwageni maji yaliyotuama." Huko Tandale au Mbagala mtoto atakwenda kumwambia mama yake amwage pipa la maji aliyoyanunua kwa ndoo, na mama atakataa, mimi naona ana haki. Maji ya kutumia yafunikwe barabara. Chombo kikiisha maji kisuguliwe kuta zake, kwa kuwa mayai hugandama hapo na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakingoja maji mengine. Jambo hili lifundishwe kwa vitendo, kwa ndoo na brashi, wala si kwa maneno.

Wanafunzi wajue pia kwamba si kila homa ni malaria. Dengue haina dawa yake maalumu, na aspirini huweza kuzidisha hatari ya kutoka damu. Kwa hiyo mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe.

Ukiweka viluwiluwi katika chupa ili darasa livitazame vikikua, funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa uzi. Siku ya Ijumaa, kabla ya watoto kwenda nyumbani, maji hayo yamwagwe juu ya mchanga mkavu.