Kufundisha Maisha ya Mnyama: Mfano wa Nguchiro Miraba

Katika mazoezi ya kufundisha tuliwahi kushuhudia somo la nguchiro katika Darasa la Nne. Mwanachuo alikuwa ameandika ubaoni sifa zote za mnyama huyo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akasema amemwona nguchiro akilirusha yai kwa nyuma, kati ya miguu yake, ili lipasuke juu ya jiwe. Darasa likacheka. Mwalimu akamwamuru akae, kwani jambo hilo halikuwamo katika maandalio yake. Mtoto yule hakunyoosha mkono tena. Na kumbe alisema kweli. Nguchiro miraba ndivyo avunjavyo vitu vyenye ganda gumu.

Kwa sababu hiyo twapendekeza somo liende kwa hatua tatu, kila hatua ikianza na swali.

Kwanza, umbo. Watoto wamemwonaje? Ni mnyama mdogo, wa kilo 2 hivi, mwenye miraba myeusi iliyokingama mgongoni hadi shina la mkia. Kucha zake za mbele ni ndefu. Za kazi gani? Ni za kufukulia mbawakawa na majongoo.

Pili, makao. Chakula hicho hupatikana wapi? Nguchiro miraba huishi mbugani na penye miti iliyoachana, hasa karibu na vichuguu, ambamo kundi zima hulala usiku. Kila baada ya siku chache huhamia shimo jingine.

Tatu, maisha yake. Vitoto hulelewa na nani? Mimba huchukua miezi 2 hivi. Mara nyingi majike wa kundi huzaa usiku mmoja, na kitoto huweza kunyonya kwa jike asiye mama yake. Wakubwa wachache hubaki kulinda shimo wenzao waendapo kutafuta chakula. Baada ya wiki 4 au 5 vitoto hutoka, na aghalabu kitoto huandamana na mkubwa mmoja, ambaye si lazima awe mzazi wake. Humlisha, nacho hujifunza kwake namna ya kuvunja chakula kigumu.

Watoto waonywe wasimkamate: hung'ata, naye aweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Wamtazame kwa mbali.

Mwalimu asiyelijua jambo aliloliona mtoto hana haja ya kuona haya. Na aliandike ubaoni, kisha darasa lilichunguze.

Zoezi: Chagueni mnyama wa mazingira ya shule yenu, mwandae somo la dakika 40 kwa hatua hizo tatu.