Bima ya Umma na Bima Binafsi kwa Wapiganaji wa Zamani

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 Uganda ilipoivamia Kagera mwezi Oktoba 1978 sasa amepita miaka 65. Vita viliisha mwaka 1979, lakini vipande vya chuma mwilini, masikio yaliyodhurika kwa milipuko na majinamizi ya usiku havikuisha navyo.

Waliopigana walikuwa askari wa JWTZ pamoja na wanamgambo, ambao wengi wao walirudi mashambani. Tofauti hiyo inaweza kuathiri matibabu leo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, humhudumia mwanachama aliyechangia hadi kustaafu, pamoja na mwenzi wake, bila mchango mpya. Mgambo hakuwa na mshahara wa kukatwa. Mbele ya dirisha la malipo yeye ni mkulima kama wengine, jambo ambalo kwa maoni yangu si haki.

Kwa huyo zilibaki njia mbili: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliopangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na msamaha wa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Msamaha huo huhitaji utambuzi wa serikali ya kijiji. Mzee asingoje kuugua ndipo aufuatilie. Hata hivyo, msamaha hauzalishi dawa pale ambapo rafu za zahanati ni tupu.

Je, bima binafsi? Huharakisha huduma na kupanua uchaguzi wa hospitali, lakini mikataba mingi huweka ukomo wa umri, na huyaondoa au kuyacheleweshea malipo maradhi yaliyokuwapo kabla ya kujiunga. Jeraha la 1979 ni la namna hiyo hasa. Msomaji aanze na ukurasa wa mambo yasiyolipiwa.

Tena, kwa mkazi wa Kingerikiti swali la kwanza ni kadi ipi inapokelewa karibu. Litembo, Peramiho na Liuli ni hospitali za mashirika ya dini, si za serikali. Kadi ya umma hufaa huko iwapo upo mkataba. Bima ya kampuni yenye hospitali Dar es Salaam pekee haimsaidii mtu aliye milimani juu ya Ziwa Nyasa.

Nanyi wahudumu, muulizeni mzee wa rika hilo kama alipigana, kisha mwandike jibu lake kwenye faili. Shinikizo la damu hupimwa kila siku. Usingizi wake na masikio yake ni nadra kuulizwa.