Ukoo wa Li wa Qizhou na Urithi wa Dawa

Katika China ya kale watu walionywa wasinywe dawa ya tabibu ambaye jamaa zake hawakupata kutibu kwa vizazi vitatu. Onyo hilo lilikuwa na maana. Hapakuwa na maabara ya kuchunguza nguvu ya jani au mzizi. Kumbukumbu ya ukoo ndiyo iliyokuwa maabara. Baba alimwonyesha mwanawe mgonjwa aliyepona na yule aliyekufa, na mwana naye akafanya vivyo hivyo. Lakini urithi wa namna hii una hatari ambayo mwanafunzi wa sayansi hana budi kuitambua: kosa nalo hurithiwa, na kosa katika dawa huua.

Hatari hiyo ndiyo iliyomshughulisha Li Shizhen, aliyezaliwa mwaka 1518 huko Qizhou, katika jimbo la Hubei. Babu yake alikuwa mganga wa kuzunguka, miongoni mwa wale waliopita vijijini wakitikisa njuga ili wagonjwa wajue kwamba wamefika. Baba yake, Li Yanwen, alikuwa tabibu msomi aliyeandika juu ya mzizi wa ginseng na juu ya mmea mmoja wa jamii ya pakanga uliosifika katika wilaya yao. Hata hivyo Yanwen hakutaka mwanawe awe tabibu, maana kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya chini, na heshima ilikuwa ya maofisa wa serikali. Kijana alifanya mtihani wa jimbo mara tatu, na mara zote tatu akashindwa. Ndipo baba alipokubali kumfundisha utabibu. Ni mara chache kushindwa mtihani kumeifaidi elimu kiasi hicho.

Katika kutibu, Li aligundua kwamba vitabu alivyorithi vilikuwa na mchafuko mkubwa. Mmea mmoja ulipewa majina mawili. Mimea miwili iliwekwa chini ya jina moja. Lililo baya zaidi, viko vitabu vilivyodai kwamba zebaki haina sumu, tena kwamba mwenye kuinywa hatakufa. Li alilipinga dai hilo waziwazi, akiwakumbusha wasomaji wale wote walioitamani dawa hiyo ya uzima wakaangamia. Mwaka 1552 alianza kuandika kitabu kipya, naye akakimaliza mwaka 1578.

Namna yake ya kuchunguza yafaa kutazamwa kwa makini. Iliandikwa zamani kwamba kakakuona hula sisimizi. Li hakuridhika na kusoma tu. Alimpasua kakakuona, akakuta tumboni sisimizi wapatao kibaba kimoja. Lakini Li huyo huyo aliendelea kuyataja magamba ya mnyama huyo kuwa dawa. Magamba hayo ni keratini, kama zilivyo kucha za binadamu, na hapana ushahidi wa kutegemewa kwamba yanaponya. Mwaka 2020 China iliyaondoa katika orodha yake rasmi ya dawa, wakati kakakuona wengi, wa Afrika wakiwemo, walikuwa wamekwisha kuuawa kwa ajili ya magamba hayo.

Kitabu chake, Bencao Gangmu, kina dawa 1,892, ambazo 374 kati yake aliziongeza yeye, na maagizo zaidi ya 11,000 ya kutengeneza dawa. Wanawe na wajukuu walisahihisha, wakanakili na kuchora picha. Li alifariki mwaka 1593 kabla kitabu hakijaenea. Kilitoka Nanjing mwaka 1596, na mwaka huo huo mwanawe Li Jianyuan akakipeleka kwa mfalme. Koo nyingi za matabibu zilizificha dawa zao, nazo zikazikwa pamoja na mrithi wa mwisho. Wana wa Li walizitoa nje, hata mtu asiye wa damu yao akaweza kuzipima na kuzikosoa.

Miongoni mwa dawa hizo ni mmea wa qinghao, nao pia ni wa jamii ya pakanga, uliotajwa kwa homa za vipindi. Ge Hong alikuwa ameuandika tangu karne ya 4: majani yalowekwe majini, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake mjini Beijing walikuwa wakitafuta dawa ya malaria, na matokeo yao yalikuwa ya kubahatisha. Tu alizingatia kwamba Ge Hong hakutaja kuchemsha, akashuku kuwa joto huharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za sentigredi. Safari hii vimelea vilikufa katika panya na nyani. Mwaka 1972 dawa yenyewe, artemisinini, ilitengwa. Dawa itokanayo nayo imo katika dawa mseto itolewayo leo katika zahanati za Afrika Mashariki. Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Liko jambo moja la ajabu. Li alitenganisha qinghao na ndugu yake mwenye maua ya manjano, na homa za vipindi akaziandika chini ya qinghao. Wataalamu wa mimea wanaona kwamba mmea wenye artemisinini, Artemisia annua, ni ule wa maua ya manjano. Hivyo mtu aliyekesha akitenganisha majina huenda aliiweka tiba chini ya jina lisilo lake.

Darasani, wanafunzi waweza kutafuta mimea miwili ambayo wazee wa mahali pao huiita kwa jina moja. Waeleze jani, ua, shina na harufu ya kila mmoja, bila kuonja chochote, kisha maelezo hayo wapewe wanafunzi wa darasa jingine ili waitambue mimea hiyo kwa maandishi peke yake.