Fitina ya Biro na Maziwa ya Mama

Mama, umerudi jioni kutoka kazini, kichwa kinauma, mutoto ananyonya huku analia, maziwa hayashuki. Labda unafikiri ni juu ya chakula. Lakini jiulize pia: leo kule biro siku ilipita namna gani?

Mama akiwa na hasira ao woga, maziwa yanachelewa kushuka. Hayajaisha. Na hayakugeuka sumu, hata kama bibi wengine wanasemaka hivyo. Ukae, upumue polepole, mutoto ngozi kwa ngozi, yatashuka.

Shida kubwa ni pale fitina inapomuzuia mama kunyonyesha. Tunajua mambo ya biro: hawa ni watu wa shefu, wale si watu wake, asubuhi hawasalimiani. Mama akitoka kidogo kunyonyesha, mwenzake anaangalia saa, anapeleka habari kwa mukubwa: «Huyu hatumikake.» Kesho yake mama anaogopa kutoka. Kifua kinajaa, kinakuwa kigumu, homa inapanda. Anahesabu makuta mara tatu, kila mara hesabu ni ingine. Sasa wanasema ni muvivu! Na maziwa yasiyotolewa siku nyingi yanapunguka, kwa sababu mwili unaacha kuyatengeneza.

Sheria ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama anayenyonyesha nusu saa mara mbili kila siku, na wakati huo unalipwa sawa kazi. Inampa pia majuma 14 ya mapumziko ya uzazi. Ni haki yake, si huruma ya shefu. (Watumishi wa Serikali wana sheria yao, waulize kwa biro yao.)

Sisi wa hospitali tusijisifu. Zamani nilitumika katika materinite moja ambamo tuligawanyika pande mbili. Jioni moja, saa ya kupokezana kazi, mwenzetu aliweka kitabu juu ya meza akaenda, maana hakusemeshana na yule aliyeingia. Hakumwambia kwamba mama wa kitanda cha dirishani, aliyezaa muchana, alikuwa anatoka damu. Tulipomufikia, vitambaa vimelowa, mikono yake baridi. Tulimusugua tumbo la uzazi, tukamupa dawa na serumu. Alipona. Hakuna aliyemuchukia yule mama. Hata jina lake hawakulijua.

Basi, mbele ya kurudi kazini, ongea na shefu wewe mwenyewe, umwambie saa zako mbili. Afazali uziandike kwa karatasi, umwachie moja, ubaki na ingine. Usingoje wengine wamupelekee habari yako. Kama mutoto yuko mbali, nawa mikono, kamua maziwa ndani ya kikombe safi chenye kifuniko; bila frigo yatumike mbele ya saa ine kupita. Kifua kikiwa chekundu na homa ikikushika, usiache kunyonyesha upande ule, na uje kiliniki siku ileile.