Tundu la Moyo na Njia ya Umeme

Wanafunzi waliowahi kumpasua chura maabarani wamekwisha kuona kwamba moyo wake huendelea kudunda hata baada ya kutengwa na mwili. Sababu ni kuwa amri ya kudunda haitoki katika ubongo, bali huzaliwa ndani ya moyo wenyewe. Katika moyo wa binadamu, kundi dogo la seli lililo juu ya chumba cha kulia cha juu hutoa umeme hafifu, nao huenea katika vyumba vya juu na kuvifanya visinyae. Ukifika kwenye fundo lililo mpakani hucheleweshwa kiasi cha sekunde 0.1, ili vyumba vya chini vipate kujaa damu. Kisha hushuka kwa kupitia kifungu chembamba cha nyuzi kilichoelezwa na Wilhelm His mwaka 1893. Kwa kawaida hakuna njia nyingine ya kushukia.

Hapo ndipo penye hatari. Baadhi ya watoto huzaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini, na mara nyingi kifungu hicho hupita ukingoni mwa tundu lenyewe. Nyuzi zake hazitofautiki kwa macho na misuli iliyozizunguka. Kwa hiyo daktari anayeziba tundu hushona karibu na kitu asichokiona. Sindano ikipotoka milimita chache tu, vyumba vya juu huendelea na mwendo wao, lakini vya chini, visipopata amri, hujidundia polepole, pengine mara 40 kwa dakika au pungufu, ilhali moyo wa mtoto mchanga hudunda zaidi ya mara 100.

Tatizo hilo lilimkabili Dakta C. Walton Lillehei huko Minneapolis, Marekani, alipoanza kuziba matundu hayo mwaka 1954. Tundu lilizibwa vizuri, na bado baadhi ya watoto walikufa kwa kukatika kwa njia ya umeme. Januari 1957 alianza kushona waya mwembamba kwenye misuli ya moyo na kuuchochea kwa mashine iliyochomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo umeme wa mji ulikatika kwa saa kadhaa. Lillehei akamwendea fundi wa vyombo vya hospitali, Earl Bakken. Huyu alikumbuka mchoro wa metronomi, chombo cha kuwapimia wanamuziki mapigo, aliouona katika gazeti la ufundi. Na baada ya majuma manne alileta kisanduku cha betri chenye transista mbili, kidogo kiasi cha kuvaliwa na mtoto. Mwalimu wa fizikia hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Siku hizi kizuizi kamili huwapata watoto 1 hadi 3 hivi katika kila 100 wanaopasuliwa kasoro za moyo. Kwanza huwekewa nyaya za muda, kwani pengine nyuzi zimevimba tu, hazikukatika. Kizuizi kikizidi siku 7 hadi 10, mtoto huwekewa kichocheo cha kudumu chini ya ngozi, mara nyingi tumboni akiwa mdogo. Betri yake huisha baada ya miaka kadhaa, hivyo aliyewekewa akiwa mchanga atarudi kupasuliwa mara nyingi maishani mwake.