Hofu ya Maji Jeshini: Somo kutoka kwa Mama yake Nabii Musa (a.s.)



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, hapa Mbale tunasoma pamoja na vijana wengi kutoka Tanzania ambao wamepita jeshini kabla ya kuja chuoni, na wengine wana wadogo zao wanaosubiri kuitwa. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963. Mafunzo yake ya mujibu wa sheria kwa wahitimu wa kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Wenzetu wa Uganda wanaujua mchakamchaka, na wa Rwanda wanaijua Itorero. Tunapokaa baada ya darsa, kuna swali ambalo watu huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: mtu akiwa anaogopa maji, na mafunzo yanamtaka aingie majini, afanyeje? Na je, hofu hiyo ni dalili ya upungufu wa imani?

Nimelipitia swali hilo mwenyewe, kambini na baadaye darasani. Haya ndiyo niliyoyapata.

Hofu hii ni ya aina gani?

Wanazuoni wa tauhidi wanatenganisha hofu ya ibada na hofu ya maumbile. Hofu ya ibada ni ile ya kumtukuza anayeogopwa, nayo haelekezewi yeyote isipokuwa Allah. Hofu ya maumbile ni ile ya kuogopa simba, moto au kuzama. Hii haina dhambi maadamu haimfanyi mtu aache wajibu au atende haramu. Qur'an inatueleza katika Sura Ta-Ha kwamba Nabii Musa (a.s.) aliingiwa na hofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, na hakuna anayethubutu kutilia shaka imani yake. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiomba hifadhi kwa Allah kutokana na mambo kadhaa, na kufa kwa kuzama ni mojawapo. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Nasai.

Tena maji yana sababu za kuogopwa. Sisi wa ukanda huu tunakumbuka MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, ziwa lilelile la Victoria. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kwa hiyo anayekucheka kwa kuogopa maji hajakuzidi imani. Huenda hajaonja tu.

Mimi nilionja mapema. Nimekulia kijijini, Shinyanga, ambako maji mengi tunayoyajua ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nikiwa na miaka minane, mtoto wa baba yangu mkubwa aliingia lambo letu mchana kuoga, akatolewa magharibi. Tangu siku hiyo maji yakinipita magoti kifua kilibana na masikio yakavuma. Hata josho nililioga kwa kata, kidogo kidogo. Basi kambini tulipotangaziwa kwamba mwisho wa mwezi tutavuka mto kwa kamba, maji ya kifuani, buti miguuni na gogo lililochongwa mfano wa bunduki mkononi, usiku ule hanga zima lilikoroma, mimi nikahesabu mabati.

Mama aliyeambiwa autie mtoto wake mtoni

Katika usiku huo nilikikumbuka kisa cha mama yake Musa (a.s.), kilichomo katika Sura Al-Qasas, aya ya 7 hadi 13, na Sura Ta-Ha, aya ya 38 hadi 40. Sisi huwa tunakisoma kama kisa cha Firauni. Kisome tena kama kisa cha mtu na maji, utaona mambo manne.

La kwanza, hofu yake ilitajwa. Allah alimpa ilhamu amnyonyeshe mtoto, na atakapomhofia amtie mtoni, asiogope wala asihuzunike. Hakulaumiwa kwa kuhofu. Hofu yake ilitajwa kwanza, ndipo akaelekezwa la kufanya. Nami asubuhi yake, baada ya mchakamchaka, nilimwendea mkufunzi wa kombania yetu.

"Afande, naomba kusema. Mimi sijui kuogelea, na maji yananitisha tangu utotoni."

Akaniangalia kidogo. "Mko wangapi?"

"Najijua mwenyewe, afande."

Jioni aliuliza mbele ya wote. Mikono 11 ikanyooka. Vijana 11 walikuwa wamelala na jambo moja kila mmoja peke yake.

La pili, sanduku. Mtoto hakutupwa mtoni mikono mitupu. Sura Ta-Ha inasema aliwekwa ndani ya sanduku, kisha sanduku likatiwa majini. Ahadi ya Allah ilikuwepo, na sanduku pia likawepo. Hii ndiyo maana ya tawakkul: kufunga ngamia kisha kumtegemea Allah. Kwa anayeogopa maji, sanduku lake ni ujuzi. An-Nasai na Tabarani wamepokea hadithi inayotaja kujifunza kuogelea miongoni mwa mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa mchezo wa kupoteza muda.

Sanduku langu nililianza kwenye udhu. Kinachomtisha mwoga wa maji zaidi ni maji kumwingia puani, na sisi tunapandisha maji puani kila siku, tena kwa mikono yetu. Nikaanza kuifanya sunna hiyo taratibu: napandisha, natulia, napenga. Baada ya siku chache nikahamia kwenye beseni: navuta pumzi, natia uso, natoa hewa polepole kwa pua mpaka mapovu yaishe, nainua kichwa. Kisha afande akaturuhusu sisi 11, baada ya Alasiri, kwenda penye maji ya magotini. Alitufundisha mambo matatu. Moja, mapafu yakijaa hewa, mwili wa watu wengi huelea, na anayeinua mikono juu kwa kupaparika hujizamisha mwenyewe. Mbili, maji ya baridi yakikupata ghafla utatweta bila kutaka, kwa hiyo ingia polepole na usubiri pumzi irudi. Tatu, kutoa pumzi kwa kirefu hutuliza mapigo ya moyo. Tulifanya hivyo siku tisa. Hakuna aliyegeuka mvuvi, lakini kila mmoja aliweza kulala chali juu ya maji kwa muda wa kuhesabu hadi 20.

La tatu, dada ukingoni. Hapa ndipo nilipostaajabu zaidi. Mama huyu ana ahadi ya Mola wake kwamba mtoto atarudishwa, na bado anamwambia binti yake: mfuate. Dada mtu akamwangalia kwa mbali, watu wasitambue. Yakini ya mama haikumzuia kuweka mwangalizi, na mwangalizi huyo ndiye aliyekuja kuwa sababu ya mtoto kurejeshwa kwa mama yake. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiingie majini peke yako, hata ukijua kuogelea. Kwetu afande alimpanga kijana mmoja wa Pemba, mtoto wa mvuvi, asimame upande wa chini wa mkondo na boya. Wale 11 tulivuka tukiwa katikati ya mstari, kila mmoja kati ya wawili wanaoweza.

La nne, moyo. Qur'an inasema moyo wa mama Musa ulikuwa mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri lau Allah asingeutia nguvu. Zingatia mpangilio: alishafanya kila aliloweza, na bado moyo ulitaka kupasuka. Hapo pana sehemu ambayo si ya sanduku wala ya dada. Siku ya kuvuka hofu yangu ilikuwepo kamili. Maji yalipofika kifuani masikio yalivuma kama zamani. Nilishika kamba, nikasema La haula wala quwwata illa billah pamoja na kila pumzi niliyotoa, hatua moja, pumzi moja. Katikati ya mto aliyekuwa mbele yangu aliteleza, akapotea chini ya maji. Aliibuka akiwa chali, mikono imetulia, kama tulivyofundishwa, na yule wa Pemba alishamfikia. Nadhani mto ule haukuzidi mita 30. Niliufika upande wa pili nikiwa bado naogopa, lakini nilikuwa nimevuka.

Je, kulazimishwa kunafuta haki ya kusema?

Wengine husema jeshini ni amri tu, hakuna kusema. Tuangalie historia yetu. Sayyidna Umar (r.a.) alipoombwa ruhusa na Muawiya ya kupeleka jeshi baharini alikataa, akiwahofia Waislamu. Sayyidna Uthman (r.a.) baadaye aliruhusu, kwa sharti kwamba asilazimishwe mtu, aende anayetaka. Ndipo kikafunguliwa kisiwa cha Cyprus mwaka 28 Hijria, na katika msafara huo alikuwemo Ummu Haram (r.a.), mwanamke aliyemwomba Mtume (s.a.w.) amwombee awe miongoni mwa watakaopanda bahari. Jamii moja ilikuwa na aliyeitamani bahari na kiongozi aliyeihofia, na wote ni watu wa kheri.

Ni kweli, sheria ya nchi inamlazimu kijana kuhudhuria mafunzo, na kutii viongozi katika mema ni dini. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha kiongozi wa kikosi aliyewaamuru watu wake waingie motoni. Walisita, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alibainisha kwamba utii ni katika mema tu. Na Sura Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Kwa hiyo asiyejua kuogelea akinyamaza ili asionekane dhaifu, hajafanya ushujaa. Aseme mapema, kwa adabu, kwa anayehusika, na aombe kufundishwa. Mkufunzi hawezi kumlinda mtu asiyemjua.

Nasaha kwa wanaosubiri kuitwa

Usingoje kambi. Anza na beseni nyumbani leo. Tafuta anayejua kuogelea akufundishe kwenye maji ya kina kifupi, kwa kuchunga stara, kina dada wakifundishwa na kina dada wenzao. Mweleze mkufunzi wako siku za mwanzo. Na wewe usiyeogopa maji, una kazi pia: mtafute anayeogopa, usimcheke, simama upande wa chini wa mkondo. Dada yake Musa hakuingia mtoni. Alitembea ukingoni akiangalia, na Qur'an imemtaja.

Tunamwomba Allah atukinge na woga na udhaifu, atuhifadhi nchi kavu na majini, na awarehemu waliotutangulia kwa kuzama, ambao Mtume (s.a.w.) amewahesabu miongoni mwa mashahidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.